Namna ya kuupima mkataba wa fedha wa kisasa kwa kanuni za fiqhi: mwongozo kamili

Masheikh wanapoulizwa kuhusu fedha, swali huja fupi: "Hii ni halali au haramu?" "Hii" inaweza kuwa akaunti, hisa, mkopo wa simu au gari la kulipia kidogo kidogo. Jibu la neno moja humfaa muulizaji kwa siku hiyo. Mwezi ujao bidhaa hubadilishwa jina na kifungu kimoja cha masharti, na swali linarudi upya. Mwongozo huu unaonyesha jinsi fiqhi, yaani elimu ya sheria za Kiislamu, inavyoukagua mkataba, ili mtu asiye mwanachuoni ajue cha kutazama kabla ya kutia saini, na ajue cha kumpelekea mufti. Haumfanyi yeyote kuwa mufti.

Shika jambo moja tangu mwanzo: pato hufuata dhima. Imepokewa kutoka kwa Mtume (S.A.W.) kauli "al-kharaju bidh-dhamani", yaani anayestahiki pato la kitu ni yule ambaye kitu hicho kikiharibika hasara ni yake. Hatua nyingi zilizo hapa chini ni njia mbalimbali za kuuliza hilohilo: mali iko mikononi mwa nani, na ikipotea leo, nani atalia?

Hatua ya kwanza: lijue jambo kabla ya kulihukumu

Wanachuoni wa usuli, yaani misingi ya fiqhi, wana kanuni kwamba hukumu ya kitu ni tawi la kukifahamu. Kwa hiyo weka kando kipeperushi chenye picha ya familia inayotabasamu, omba masharti kamili. Chukua karatasi uandike: nani anatoa nini, anampa nani, na lini. Je, kuna bidhaa au huduma inayohama, au ni pesa zinazokwenda na pesa zinazorudi? Kiasi cha kurudishwa kinajulikana siku ya kusaini? Halafu nenda moja kwa moja kwenye vifungu ambavyo watu huviruka: kuchelewa kulipa, ada, rehani, kuvunja mkataba, kuharibika kwa mali. Siri ya mkataba hukaa humo, kwa sababu siku ya furaha mikataba yote hufanana.

Usianze na tuhuma, hata hivyo. Asili ya miamala ni ruhusa, kinyume cha ibada, na anayeharimisha ndiye anayedaiwa dalili. Muamala haukuwa haramu kwa kuwa ni mpya, wala kwa kuwa umetoka kwa wasio Waislamu.

Hatua ya pili: uweke mkataba mahali pake

Hii wanachuoni huiita takyifu: kuamua kwamba kitu hiki, kwa jina lolote kilichopewa, ni mauzo, au kukodisha, au karadha (mkopo), au ushirika, au uwakala, au amana. Ukikosea hapa, kila kinachofuata kimekosewa, na makosa mengi ya fatwa za mitaani huanzia hapa.

Mfano mzuri umo katika Sahihi ya Bukhari. Watu walikuwa wakimletea swahaba Zubayr bin Al-Awwam mali awatunzie. Yeye alikuwa akiwaambia: hapana, iwe ni mkopo kwangu, kwani nachelea isije ikapotea. Kama ni amana, ikipotea bila uzembe wake, hasara ni ya mwenye mali. Kama ni mkopo, dhima ni yake yeye, naye pia anaweza kuitumia. Alipofariki, madeni yake yalifikia milioni mbili na laki mbili.

Sasa itazame akaunti ya akiba. Benki inazitumia pesa zako, nayo inakuhakikishia kwamba utazipata zote. Hiyo ni hali ya Zubayr: wewe ni mkopeshaji, benki ni mkopaji, hata kama fomu imeandikwa "amana" kwa herufi kubwa. Nyongeza yoyote iliyosharutishwa juu ya mkopo huo ni riba. Benki ikitaka kukupa faida kwa njia halali, lazima mtaji wako uingie kwenye biashara na uweze kupata hasara. Huo ni mudharaba: wewe mtaji, wao kazi, faida mnagawana kwa fungu mlilokubaliana, na hasara ya mtaji ni yako isipokuwa wakizembea au wakivunja masharti. Sharti moja hapo halina mjadala: fungu lazima litokane na faida itakayopatikana, mfano asilimia 60 kwa 40. "Asilimia 8 ya mtaji kila mwaka" si fungu la faida. Ni riba iliyovalishwa kanzu.

Katika musharaka, ambako kila mmoja ameweka mtaji, hasara hugawanywa kwa kadiri ya mitaji. Faida, kwa madhehebu ya Hanafi na Hanbali, hugawanywa mtakavyoafikiana. Kwa Shafi na Maliki nayo hufuata mitaji. Mkataba wa benki nyingi umejengwa juu ya rai ya kwanza. Mfuasi wa Shafi asishangae akiona fungu lisilolingana na mtaji wake, lakini ajue limetoka wapi.

Hatua ya tatu: pitisha chujio la riba

Riba ina milango miwili. Wa kwanza ni wa madeni: unakopesha kumi kwa sharti la kurudishiwa kumi na moja, au deni linakomaa mdaiwa hana, unamwambia alipe au aongeze. Mlango huu hauhitaji kipimo kigumu. Uliza tu: je, kuna mtu anayelipwa kwa sababu ya kusubiri deni la pesa?

Ada ndiyo inayochanganya watu. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, lenye makao yake Jidda, liliruhusu mkopeshaji kutoza gharama halisi za kuuhudumia mkopo, na likaharimisha kinachozidi hapo. Kipimo cha haraka ni hiki: mkopo wa elfu 1 na mkopo wa elfu 100 huchukua kazi ileile kwenye kompyuta. Ikiwa "ada ya huduma" inapanda kwa kufuata kiasi, na ukiongezewa mwezi unatozwa tena, hiyo si gharama ya kazi. Mikopo mingi ya simu huanguka kwenye kipimo hiki pasipo haja ya kwenda mbali.

Mlango wa pili ni wa kubadilishana. Hadithi ya Ubada bin As-Samit, aliyoipokea Imamu Muslim, inataja vitu sita: dhahabu, fedha, ngano, shayiri, tende na chumvi. Kitu kwa aina yake, viwe sawa kwa sawa na mkono kwa mkono. Aina zikitofautiana, uzeni mtakavyo ila mkono kwa mkono. Maulamaa wa zama zetu wameiona sarafu ya karatasi kuwa na sifa ya thamani kama dhahabu na fedha, kila sarafu ikiwa aina yake. Kwa hiyo kubadilisha dola kwa riali kwa kiwango chochote mlichoridhiana ni sawa, maadamu pande zote mbili zinakabidhiana papo hapo. Kuingizwa kwenye akaunti huhesabiwa kuwa kukabidhi. Kununua dhahabu kwa awamu hakufai kwa rai ya walio wengi, hata kama duka lina ofa ya kuvutia. Ama biashara ya sarafu mtandaoni ambapo dalali anakukopesha mara hamsini ya pesa zako, mkopo huo umefungwa na sharti la kufanya biashara kupitia kwake, na nafasi ikilala usiku unatozwa: sioni mlango wa kuihalalisha.

Hatua ya nne: milki na kukabidhiwa, na hapa tukae kidogo

Murabaha, yaani kuuziwa kitu kwa bei iliyonunuliwa pamoja na faida inayotajwa, ndiyo bidhaa inayotumika sana katika benki za Kiislamu na ndiyo inayolaumiwa sana. Tuseme unataka gari la milioni 10. Benki inakuuzia kwa milioni 12, ulipe laki 5 kila mwezi kwa miezi 24. Benki nyingine inakukopesha milioni 10, urudishe milioni 12 kwa miezi hiyohiyo. Mfukoni kwako hakuna tofauti ya hata senti. Ndipo watu husema ni kitu kilekile, na kauli hiyo ni ya zamani: Aya ya 275 ya Sura ya Al-Baqara imeinukuu kutoka kwa wala riba, "biashara ni kama riba", kisha ikawajibu kwamba Mwenyezi Mungu ameihalalisha biashara na ameiharimisha riba.

Tofauti haiko kwenye hesabu ya mwisho. Iko katika muda ambao gari lilikuwa mali ya benki. Muda huo ukikosekana, mlalamikaji ana haki.

Mpangilio ulio sahihi unakwenda hivi. Unaieleza benki gari unalotaka, na unaweza kuahidi kulinunua. Ahadi si mauzo. Benki inalinunua kwa muuzaji mwingine, si kwako wala kwa kampuni yako. Benki inakabidhiwa. Si lazima gari lilazwe kwenye uwanja wake. Yatosha liwe limetengwa na linajulikana kwa nambari yake ya chesisi, benki iweze kulitumia itakavyo, na dhima ya kuharibika iwe imehamia kwake. Baada ya hapo ndipo inakuuzia, ikikutajia bei iliyonunulia na faida yake. Tangu dakika hiyo unadaiwa milioni 12, na deni hilo halipandi.

Wewe mteja utajuaje kama yametendeka? Kwa tarehe. Omba ankara ya muuzaji wa kwanza na uione imetolewa kwa jina la nani. Linganisha siku benki iliponunua na siku uliposaini mauzo. Ukikuta umesaini kununua Jumatatu gari ambalo benki imelinunua Jumatano, benki imekuuzia isichokuwa nacho, jambo ambalo Mtume (S.A.W.) alimkataza Hakim bin Hizam kwa maneno ya wazi. Kisha muulize ofisa: gari likiungua baada ya ninyi kulinunua na kabla sijasaini, hasara ya nani? Akijibu "ya kwetu", endelea. Akijibu "yako, kwa sababu uliahidi", umeshapata unachokitafuta. Wakati mwingine benki humfanya mteja kuwa wakala wake wa kununua. Shirika la viwango vya sharia na uhasibu la AAOIFI, lililopo Bahrain tangu 1991, linakubali hilo penye haja tu, na kwa masharti. Pesa zikiingia kwenye akaunti yako mwenyewe na hakuna anayefuatilia kama gari lilinunuliwa, umekopa tu.

Kuchelewa nako kuna hukumu yake. Mdaiwa aliyekwama hupewa muda, kwa nassi ya Aya ya 280 ya sura hiyohiyo. Mwenye uwezo anayekwepa anaweza kubanwa. Viwango vya AAOIFI vinaruhusu ajifunge tangu mwanzo kutoa kiasi fulani kwenye mambo ya heri, benki isinufaike nacho. Uliza pesa hizo huandikwa wapi katika vitabu vya benki. Nayo punguzo la kulipa mapema linafaa likiwa ni hiari ya mdai wakati huo, lisiwe limesharutishwa ndani ya mkataba.

Kukodisha kunakoishia kwenye umiliki, yaani ijara, hupimwa kwa njia hiyohiyo. Benki ni mwenye nyumba, basi matengenezo makubwa ni juu yake, na nyumba ikibomoka kodi inasimama. Mkataba unaomtwisha mpangaji kila kitu na kumdai kodi ya nyumba isiyokuwepo ni mkopo unaojiita kodi. Kuhamisha umiliki kuwe kwa mkataba wa peke yake.

Hatua ya tano: gharar na kamari

Imamu Muslim amepokea kwa Abu Hurayra kwamba Mtume (S.A.W.) alikataza mauzo ya gharar, yaani yenye kutojulikana kunakoweza kuleta ugomvi. Gharar ndogo husamehewa. Hakuna anayenunua nyumba akauona msingi wake. Inayobatilisha ni ile iliyo kubwa na iliyo katika kiini cha mauzo: bei isiyotajwa, bidhaa isiyojulikana, muda usio na mwisho. Salam inaonyesha jinsi sharia inavyoidhibiti: unalipa bei yote sasa kwa mazao yajayo, kwa sharti la kipimo kinachojulikana, uzito unaojulikana na muda unaojulikana.

Bima ya biashara imekataliwa na mabaraza mengi ya fiqhi kwa sababu hii pamoja na riba na kamari. Badala yake ni takaful, ambapo washiriki wanachangia mfuko kwa nia ya kusaidiana na kampuni inauendesha kwa ujira au kwa mudharaba. Swali la kumwuliza muuza takaful ni moja: ziada inayobaki mwisho wa mwaka ni ya nani? Kubashiri kupanda na kushuka kwa bei pasipo kumiliki chochote ni kamari. Sarafu za kidijitali zina hitilafu nzito ya wanachuoni, na kila moja hutazamwa kwa hali yake. Anayezinunua kwa mkopo wa dalali ana tatizo hata kabla ya kufika kwenye hitilafu hiyo.

Hatua ya sita: itazame mikataba ikiwa pamoja

Vipande viwili halali vinaweza kuunganishwa vikazaa haramu. Mtume (S.A.W.) amekataza mkopo pamoja na mauzo. Unamuuzia mtu kitu kwa 800 za baadaye, kisha unakinunua tena kwake papo hapo kwa 600 taslimu: kitu kimerudi kilikotoka, na kilichobaki ni 600 kwa 800. Hiyo ni ina. Ibn Abbas anapokewa akisema ni dirhamu kwa dirhamu, katikati yake kipande cha hariri. Jumhuri, yaani wanachuoni walio wengi, wameiharimisha. Imamu Shafi aliangalia dhahiri ya kila mkataba na akausahihisha usiposharutishwa, ilhali Majalla, sheria ya dola ya Uthmania iliyotolewa kati ya 1869 na 1876, inasema katika kifungu cha 3 kwamba mazingatio katika mikataba ni makusudio na maana, si matamshi.

Usikimbilie kudhani kwamba umbo la mkataba halina kazi, lakini. Mtu wa Khaybar alileta tende nzuri, akasema hubadilisha pishi mbili za duni kwa moja ya nzuri. Mtume (S.A.W.) akamkataza, akamwelekeza: uza zile mchanganyiko kwa dirhamu, kisha kwa dirhamu hizo nunua nzuri. Mwisho wa siku ana tende zilezile. Kilichobadilika ni kwamba kumepita mauzo mawili ya kweli, sokoni, kwa bei ya soko, na muuzaji wa kwanza hakulazimika kuwa wa pili.

Kwa kipimo hicho ipime tawarruq, ambapo benki inakuuzia chuma au mafuta kwa deni, kisha yanauzwa kwa mtu wa tatu upate taslimu. Ukinunua mwenyewe, ukakabidhiwa, ukauza mwenyewe unakotaka, maulamaa wengi wameruhusu. Benki inapopanga pande zote, ikanunua, ikakuuzia, kisha ikauza kwa niaba yako ndani ya dakika chache, Baraza la Fiqhi lilikataa katika kikao cha Sharjah mwaka 2009. Zipo benki zinazoendelea nayo kwa fatwa za bodi zao. Binafsi naliona Baraza limesema kweli: hapo hakuna tende, kuna karatasi tu.

Hatua ya saba: hisa na hesabu ya kusafisha

Hisa ni fungu la umiliki, basi unamiliki pia dhambi za kampuni. Kampuni ya pombe, kamari au riba huachwa moja kwa moja. Shida iko kwa kampuni yenye kazi halali iliyokopa kwa riba au inayoweka pesa zake benki. Mwaka 1992 Baraza la Fiqhi lilisema asili yake ni haramu kununua hisa hizo. AAOIFI imeruhusu kwa mipaka: deni la riba lisifike asilimia 30 ya thamani ya kampuni sokoni, amana za riba vilevile, na pato la haramu lisizidi asilimia 5 ya mapato. Faharasa nyingine za hisa hutumia mipaka na vigawanyo vingine, ndiyo maana kampuni moja huwa imepita hapa na imeanguka kule.

Ukifuata rai ya ruhusa, soma taarifa ya fedha ya mwaka. Kampuni yenye mapato ya 1,000 ambayo 30 kati yake ni riba ina asilimia 3 chafu. Ukipata gawio la laki 2, toa 6,000 kwa wahitaji kujivua nazo, si kwa nia ya sadaka, na usizihesabu katika zaka. Zaka yenyewe ni asilimia 2.5, aliyenunua hisa ili aziuze huitoa kwenye thamani yote ya soko, nisabu, yaani kiwango cha chini cha mali inayotolewa zaka, ikiwa thamani ya gramu 85 za dhahabu.

Hatua ya nane: andika, uliza, na ukiwa umeshaingia

Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Al-Baqara, inahusu kuandika madeni, na wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Weka nakala ya kila ulichosaini, hata kati yako na ndugu yako.

Unapokwenda kwa mufti, usimpelekee jina la bidhaa. Mpelekee karatasi yako ya hatua ya kwanza, tarehe za hatua ya nne na kifungu cha kuchelewa. Cheti cha bodi ya sharia ukutani ni dalili njema, lakini omba fatwa yenyewe: imetolewa kwa bidhaa hii, au kwa benki kwa ujumla? Imesainiwa na nani, mwaka gani, na kuna anayekagua kama wafanyakazi wanaitekeleza?

Kama tayari una akaunti ya riba, Aya ya 279 inakupa mtaji wako: "mtapata rasilimali zenu". Kilichozidi kitoe kwa wahitaji au kwenye manufaa ya umma, wala usikitumie kulipia kodi yako. Kama wewe ndiye unayedaiwa, deni halifutiki kwa kutubia. Mtaji wa watu unabaki shingoni. Angalia gharama ya kulimaliza mapema, na ukitaka kulihamishia kwenye benki ya Kiislamu, uliza kwanza watalihamisha kwa njia gani. Wakijibu kwamba watakupa pesa taslimu ulilipe, rudi hatua ya sita.